Mguu Unaouma Kupita Kiasi

Leo nina jambo zito kidogo. Nitalieleza pole pole, na pale panapohitaji kurudiwa nitarudia.

Nianze kwa swali. Kijana amepata ajali ya bodaboda, amevunjika muundi. Amefikishwa hospitali, amepigwa picha, amefungwa plasta, ile ambayo vijana wanaiita hogo, amechomwa sindano ya kutuliza maumivu na kulazwa. Baada ya muda wa saa chache anaanza kulia. Anasema mguu unamuuma kuliko ulivyomuuma pale barabarani alipovunjika. Anaomba dawa nyingine. Anapewa, haisaidii. Wewe uliyekaa pembeni ya kitanda chake ungemwambia nini?

Najua wengi wetu tungemwambia: "Vumilia mwanangu, umevunjika mfupa, lazima uume." Tungemwambia kwa upendo kabisa, na kwa wagonjwa wengi maneno hayo hayana madhara. Lakini yupo mgonjwa ambaye maumivu yake si ya mfupa tena. Ni ya misuli inayokosa damu, inayokufa ndani kwa ndani huku ngozi ikionekana nzima. Huyo akivumilishwa mpaka madaktari wapite asubuhi, anaweza kukutwa na mguu ambao hautafanya kazi tena maisha yake yote.

Hospitalini mtawasikia wataalamu wakiuita ugonjwa huu kompatimenti sindromu. Mimi leo nitauita mbano wa misuli, tuelewane kwa urahisi. Nimeuchagua kwa sababu ya hatari yake, ndiyo, lakini kuna jambo jingine pia: pamoja na maendeleo yote ya tiba, kuugundua mapema bila kumdunga mgonjwa sindano ndani ya msuli bado ni kazi ngumu. Wapo watafiti wanaotafuta njia ya kupima kwa nje, bila kutoboa ngozi. Wamefika wapi? Na njia hizo zitatufaa sisi huku kwetu? Hayo ndiyo maswali yetu ya leo.

Tuanze na mguu wenyewe. Umewahi kusimama buchani ukaona nyama iliyofunikwa na utando mweupe, mgumu, ambao hata kisu kikali kinausumbukia? Utando wa namna hiyo tunao pia ndani ya miili yetu. Chini ya goti, umeigawa misuli katika vyumba 4. Kila chumba kina misuli yake, mishipa yake ya damu na mishipa yake ya fahamu. Utando ule hautanuki, na ndiyo faida yake: unaishikilia misuli vizuri tunapotembea na kukimbia. Sasa siku chumba kimoja kikijaa damu iliyovuja kutoka kwenye mfupa uliovunjika, au msuli wenyewe ukivimba, hakuna pa kupanukia. Presha ya ndani inapanda. Ikipanda vya kutosha, vimishipa vile vidogo kabisa vinavyoupelekea msuli oksijeni vinabanwa na kufungika. Msuli unakosa damu, unavimba zaidi. Ukivimba zaidi, presha inapanda zaidi. Na hali hiyo haijitulizi yenyewe.

Nalirudia hilo, maana ndilo shina la mazungumzo yote: chumba hakipanuki, uvimbe unaongezeka, damu inashindwa kupita.

Kuvunjika muundi ndiko kunakoongoza kuleta tatizo hili, na vijana wa kiume ndio wanaopatwa zaidi. Lakini si hao tu. Mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe akavunjika juu kidogo ya kiwiko anaweza kupatwa na mbano kwenye kigasha. Mtu aliyeungua moto, ngozi ikakakamaa kuuzunguka mkono mzima. Mgonjwa ambaye dripu yake imechomoka kwenye mshipa, ikawa inamwaga maji ndani ya nyama bila mtu kujua. Na mtu aliyefungwa bandeji au vijiti vikakaza mno.

Hilo la kukaza ndilo lililoandikwa zamani kuliko yote. Mwaka 1881, Richard von Volkmann, daktari bingwa wa upasuaji wa mji wa Halle nchini Ujerumani, alieleza jinsi mikono iliyofungwa bandeji za kubana ilivyokakamaa na vidole kujikunja, visinyooke tena. Mwaka 1881! Na bado leo wapo waunga mifupa wetu wanaofunga vijiti na vitambaa kwa nguvu zote, wakiamini kwamba kadiri unavyokaza ndivyo mfupa unavyoshika. Wapo pia wafanyakazi wa hospitali wanaozungushia plasta nzima siku ile ile ya ajali, mguu ukiwa bado unaendelea kuvimba. Kosa ni lile lile, liwe limefanyika chini ya mti au ndani ya chumba chenye vigae.

Halafu kuna kifusi. Mwaka 1941, London ikiwa inapigwa mabomu, madaktari Bywaters na Beall waliandika habari za watu waliotolewa chini ya vifusi wakiwa hai, wakaonekana wanaendelea vizuri, kisha figo zao zikashindwa kazi na wakafa siku chache baadaye. Misuli iliyobanwa na kufa ilikuwa imeimwaga sumu yake kwenye damu. Sisi tulioona jengo la Kariakoo likiporomoka tarehe 16 Novemba 2024, na watu wakiitana kutoka chini ya zege, tunajua kwamba jambo hili si la vitabuni wala la Ulaya ya vita. Mtu akitolewa kwenye kifusi akiwa anazungumza, shangilieni, lakini msimruhusu aende nyumbani. Mikono na miguu yake ichunguzwe, na mkojo wake uangaliwe. Mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, hapo figo ziko hatarini.

Sasa tuzungumze habari ya muda. Msuli uliokatiwa damu, ukifunguliwa ndani ya saa 4 hivi, una nafasi nzuri ya kupona wote. Ukifika saa 6, sehemu yake inaanza kupotea. Zikipita saa 8, hasara kubwa inakuwa haina marejeo. Na tiba ni moja tu: kuingia chumba cha upasuaji, kuipasua ngozi pamoja na ule utando kwa mkato mrefu, ili misuli ipate nafasi na damu ipite. Hakuna kidonge cha kuondoa mbano huu. Hakuna sindano. Mgonjwa anabaki na majeraha marefu pande mbili za mguu, yanaachwa wazi kwa siku kadhaa, mara nyingine mpaka ngozi itolewe pajani kuja kuyafunika.

Unaona ugumu unaomkabili daktari? Akichelewa kupasua, mgonjwa anapoteza misuli, anabaki na wayo unaoning'inia, au anakatwa mguu. Akipasua bila sababu, amemfungulia mtu mzima majeraha makubwa, na njia ya vidudu kuingia hadi kwenye mfupa uliovunjika. Kote kuwili kuna hasara. Kwa hiyo anahitaji kitu cha kumwambia kwa uhakika: huyu ndiyo, huyu siyo.

Je, leo anajuaje?

Kwanza kwa kumsikiliza mgonjwa. Maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayoongezeka badala ya kupungua, yasiyosikia dawa, hiyo ndiyo dalili inayotangulia. Ya pili, ukivishika vidole vya mguu ukavinyoosha au kuvikunja taratibu, mgonjwa anaruka kwa uchungu, kwa sababu umeuvuta msuli unaokosa damu. Kisha ganzi, mara nyingi katikati ya kidole gumba na kinachofuata. Kisha kushindwa kuvichezesha vidole.

Na hapa nawaomba wauguzi, matabibu na madaktari vijana wanisikilize kwa makini. Wengi mnaweka vidole juu ya wayo, mnatafuta mapigo. Mkiyakuta, mnatulia, mnaandika kwenye faili kwamba damu inapita. Ndugu zangu, presha inayoua msuli iko chini sana kuliko presha ya mshipa mkubwa. Mshipa mkubwa unaweza kuendelea kupiga vizuri kabisa, wayo ukawa na joto, kucha zikawa na rangi nzuri, na msuli ndani unakufa. Mapigo yakipotea, ama umechelewa sana au mshipa wenyewe umekatika. Nasema tena: kukuta mapigo si ushahidi wa usalama. Kama kuna jambo moja ningetaka libandikwe kwenye ukuta wa kila wodi ya majeruhi, ni hilo.

Lakini dalili zote hizo zinategemea mtu anayeweza kusema. Aliyezimia kwa kuumia kichwa atasemaje? Aliyelewa? Aliyechomwa ganzi ya uti wa mgongo kwa ajili ya upasuaji, mguu wote hausikii kitu? Mtoto wa miaka mitatu? Kwa mtoto, wataalamu wa mifupa wanatufundisha tuangalie mambo mengine: hatulii, analia bila kubembelezeka, na kila baada ya muda mfupi anahitaji dawa zaidi ya maumivu. Mama ndiye anayeliona hilo kwanza. Mama akisema "huyu siyo mwanangu ninayemjua, kuna kitu," asipuuzwe.

Utasema: basi daktari aushike mguu, aubonyeze, asikie kama ni mgumu. Wanafanya hivyo. Lakini mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambamo madaktari walipewa miguu ya maiti iliyopandishwa presha kwa makusudi, wakaambiwa waibonyeze na waseme. Palipokuwa na presha ya hatari, waliigundua takriban mara moja tu kati ya nne. Ni madaktari hao. Kwa hiyo vidole vya binadamu, hata vilivyosoma, vinadanganyika.

Ndipo ikaja sindano. Mwaka 1975, Thomas Whitesides na wenzake wa Marekani walieleza njia ya kupima presha ya ndani ya msuli kwa vitu vinavyopatikana hospitali yoyote: sindano, bomba, mpira wa dripu, maji ya chumvi na kipimo cha zebaki cha presha. Miaka mingi baadaye, mwaka 1996, Margaret McQueen na Charles Court-Brown wa Edinburgh, Uskoti, wakaonyesha kwamba namba peke yake haitoshi. Inabidi uilinganishe na presha ya mgonjwa mwenyewe. Chukua presha yake ya chini, ondoa presha ya msuli. Tuseme presha ya chini ni 70, na ndani ya msuli umekuta 45. Kinachobaki ni 25. Kikiwa chini ya 30, mashaka ni makubwa. Ndiyo maana majeruhi aliyepoteza damu nyingi, ambaye presha yake imeshuka, anaingia hatarini upesi kuliko mwenzake, hata kama uvimbe wao unalingana. Kwa kulinganisha, presha ya msuli uliotulia wa mtu mzima mwenye afya iko chini ya 10.

Sindano imeokoa miguu mingi, na nawaheshimu sana waliotuletea. Lakini ina taabu zake. Inamuumiza mtu ambaye tayari ana maumivu makali. Inabidi kila chumba kidungwe peke yake. Ukidunga karibu na pale mfupa ulipovunjika unapata namba kubwa, ukisogea mbali kidogo inashuka. Tena, ukipima mara moja tu, inakuonyesha dakika ile tu. Utafiti mmoja wa mwaka 2014 ulikuta kwamba kwa kipimo cha mara moja, zaidi ya theluthi ya wagonjwa waliovunjika muundi ambao hawakuwa na mbano wowote wangeonekana wanao, na wangepasuliwa. Kuacha kijirija ndani ya msuli kikapima mfululizo, kama wanavyofanya Edinburgh, kunasaidia sana. Lakini niambie, ni hospitali ngapi za wilaya unazozijua zenye kifaa hicho na mtu wa kukikalia usiku kucha?

Hapo ndipo inapoanzia hamu ya kupima kwa nje. Kipimo kisichotoboa ngozi unaweza kukirudia kila nusu saa, au kukiacha kimebandikwa mguuni usiku mzima, hata kwa mtoto, hata kwa aliyezimia.

Njia ya kwanza ni mwanga. Kuna aina ya mwanga usioonekana kwa macho, unaopita kwenye ngozi na kuzama sentimita mbili tatu ndani ya nyama. Kifaa kinabandikwa mguuni, kinatuma mwanga, kinasoma unaorudi, na kutokana na rangi ya damu kinakadiria ni oksijeni kiasi gani iliyobaki kwenye msuli. Wazo hili ni zuri sana, maana tunachokihofia hasa ni msuli kukosa oksijeni. Presha ni njia tu ya kufikia huko. Watafiti wa Marekani wamelifanyia kazi kwa miaka mingi, wakiwemo wanaohudumia wanajeshi waliolipuliwa vitani. Lakini mwanga haufiki vizuri kwenye chumba cha ndani kabisa cha mguu. Damu iliyovilia chini ya ngozi inauchanganya, na mafuta pia. Na kuna jambo jingine, ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote.

Ni rangi ya ngozi. Weusi wa ngozi unaumeza mwanga. Watafiti waliojaribu vifaa hivi kwa watu wenye ngozi nyeusi sana wameona ishara ikidhoofika. Na hatuna haja ya kubahatisha nini kinaweza kutokea, kwa sababu tumeshaona kwa kifaa ndugu yake. Kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, ambacho wengi tulikifahamu wakati wa korona, mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikuwa kinasema oksijeni inatosha wakati haitoshi, karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kilikuwa kimetumika duniani kwa miongo kadhaa! Sasa fikiria kifaa cha mguuni kikimwambia tabibu wa kituo cha afya kule Tandahimba au Turkana kwamba msuli una oksijeni ya kutosha, naye akaenda kulala kwa amani. Kifaa cha namna hiyo ni bora kisingekuwepo, kwa sababu kimemnyima mgonjwa hata ile nafasi ya kuaminiwa anaposema anaumia.

Njia ya pili ni sauti, yaani altrasaundi, mashine ile ile inayowaangalia watoto tumboni. Huko Aachen, Ujerumani, watafiti wameifanyia mbinu ambayo mimi naipenda kwa urahisi wake. Wanaiweka mashine juu ya chumba cha msuli, wanabonyeza kwa nguvu inayojulikana, kisha wanaangalia kwenye skrini chumba kimebonyea kiasi gani. Chenye presha ndogo kinabonyea. Chenye presha kubwa hakibonyei. Halafu wanaulinganisha na mguu wa pili ulio mzima. Wengine wametumia teknolojia iliyotoka kwenye shirika la anga la Marekani, NASA, iliyoendelezwa kwa ajili ya kufuatilia presha ndani ya mafuvu ya wanaanga. Kila moyo unapopiga, ukuta wa chumba cha msuli unacheza kidogo mno, na presha ikipanda mchezo ule unabadilika. Sauti ina sifa moja inayonifurahisha: haijali ngozi ni nyeusi au nyeupe.

Vipo na vingine, vya kupima ugumu wa msuli kwa kuugusa juu juu, vya kupitisha umeme kidogo. Sitavieleza leo, bado viko mbali na kitanda cha mgonjwa. Na tusidanganyane: mpaka sasa hakuna kipimo cha nje hata kimoja ambacho madaktari wa mifupa duniani wamekubaliana kukitumia badala ya dalili na sindano. Kazi nyingi imefanyika kwa maiti, kwa watu wazima wenye afya, na kwa wagonjwa wachache.

Ukiniuliza mimi njia ipi tuishikilie, nitakujibu bila kusita: altrasaundi. Nitakwambia na sababu. Mashine hizi tayari zimefika katika vituo vingi vya afya kwa ajili ya wajawazito. Wapo wauguzi na matabibu wanaozijua. Kumfundisha mtu anayeijua mashine kuielekeza mguuni ni rahisi kuliko kumletea mashine mpya ambayo ikiharibika fundi wake yuko Ulaya.

Na kuna wagonjwa wetu ambao kipimo cha nje kingewaokoa na kisu kisicho cha lazima. Namzungumzia aliyeumwa na nyoka. Kifutu akikuuma mguuni, mguu unavimba, unabadilika rangi, unatisha. Aliyeuona anasema huu ni mbano wa misuli, upasuliwe. Lakini mara nyingi uvimbe ule uko juu ya utando, vyumba vya ndani viko salama. Tena sumu inaweza kuifanya damu isigande, na ukimpasua mtu ambaye damu yake haigandi, unaweza kumpoteza mezani. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa Afrika unasisitiza dawa ya sumu ya nyoka kwanza, damu irekebishwe, na presha ipimwe kabla ya kufikiria kisu. Ipimwe na nini, kama kipimo hakipo? Na nani atapenda kumdunga sindano za msuli mtu ambaye damu yake haigandi? Hapa altrasaundi ingefanya kazi ya maana sana. Ingalau ingemwonyesha daktari uvimbe uko wapi.

Kwa hiyo utafiti wa vipimo vya nje usiachiwe Aachen na Marekani peke yao. Majeruhi wa pikipiki wako kwetu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili inawapokea, hospitali ya KCMC pale Moshi inawapokea, Kenyatta kule Nairobi na Mulago kule Kampala wanawapokea. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kukijaribu kipimo cha nje kuliko mahali ambapo wagonjwa wapo, ngozi zao ni hizi zetu, umeme unakatika, na anayeshika zamu ya usiku ni tabibu mmoja. Kipimo kikifaulu hapo, kitafaulu popote.

Wakati tunasubiri, kuna mambo ambayo hayahitaji mashine. Muuguzi, mgonjwa aliyevunjika muundi au mkono muulize kila saa: maumivu yamepungua au yamezidi? Vinyooshe vidole vyake. Andika jibu na muda. Saa ya ajali iandikwe kwa kalamu juu ya plasta yenyewe, ili hata akihamishiwa hospitali nyingine wajue wamebakiwa na muda gani. Maumivu yakizidi, plasta ipasuliwe urefu wote, pamoja na pamba na bandeji ya chini, mpaka ngozi ionekane, na kingo ziachanishwe. Usiogope kwamba mfupa utasogea. Mfupa uliosogea unarudishwa; msuli uliokufa haurudishwi. Mguu ulazwe usawa wa moyo, usining'inizwe wala usinyanyuliwe juu sana. Kama ndani ya muda mfupi hakuna nafuu, mwite mpasuaji, na kama hayupo, gari iitwe.

Na wewe ndugu wa mgonjwa, usiukande mguu kwa maji ya moto. Usiuchue. Usiufunge kitambaa ili "kuzuia uvimbe". Mgonjwa akirudishwa nyumbani na plasta kisha maumivu yakaanza kupanda, au vidole vikafa ganzi, mrudishe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama nauli ni ya kukopa. Ukifika pale mapokezi usiseme tu kwamba anaumwa. Sema hivi: "Amevunjika, amefungwa plasta, maumivu yanazidi na dawa haisaidii, na akinyooshwa vidole anapiga kelele." Mtu wa afya aliyesoma akisikia maneno hayo kwa pamoja atasimama.

Ombi langu la mwisho leo ni kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya, kamati za ununuzi, na wafadhili wanaotuletea vifaa kwa nia njema. Siku si nyingi mtaletewa kifaa cha kupima misuli kwa mwanga, kizuri, chepesi, chenye skrini ya rangi. Kabla hamjaweka saini, mwambieni muuzaji awaonyeshe kwa maandishi kilivyofanya kazi kwa wagonjwa wenye ngozi nyeusi, waliovunjika miguu kweli, si kwa watu wazima wenye afya. Akikosa maandishi hayo, msikinunue.